Maji ya Meru na Mkono wa Mgeni

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Chama, siku ya kuadhimisha miaka kumi



Nilipoletewa barua ya kuniomba niseme machache siku ya leo, nilidhani nitatakiwa kuhadithia habari za kahawa, maana ndizo ninazozijua. Walakini Kamati imenitwika mzigo mwingine: niseme habari za ushirikiano wetu na nchi za nje katika kutunza maji, misitu na ardhi ya mlima huu. Nimekubali, si kwa kuwa mimi ni mjuzi, bali kwa kuwa nimekuwa karani wa mfereji kwa miaka mingi, na karani wa mfereji huona mambo ambayo wenye ofisi hawayaoni. Tena liko jambo mbele yetu linalotaka uamuzi. Wengi wenu mmekwisha kusikia ya kwamba wako marafiki wa ng'ambo walio tayari kutusaidia fedha za kupima maji na kupima mashamba, na ya kwamba msaada huo una masharti. Sharti moja ni kwamba kila mfereji usio na kibali ufungwe kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo maneno yangu si ya sherehe tupu, nanyi mniwie radhi.

Kupeleka mambo yetu mbele ya mataifa si jambo geni katika nchi hii. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili masetla wapate mahali pa kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakaambiwa wahamie Kingori. Wazee wetu hawakushika silaha. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akalipeleka shauri la Meru mbele ya Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ilisikia, na vijana wengi wa siku zile walijifunza siasa kwa shauri hilo.

Nalitaja jambo hili mwanzo kwa sababu moja. Nauli ya Kirilo ilitoka katika mifuko ya wakulima. Hakwenda kusoma maneno aliyoandikiwa na mwenye kumlipia safari. Mkiyasikia yote nitakayoyasema baadaye, likumbukeni hilo.

Mkutano wa pili wa kukumbukwa ulifanyika hapa hapa Arusha mwezi wa Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru. Ulikuwa mkutano wa mataifa juu ya kuhifadhi mali ya asili katika nchi mpya za Afrika, na hapo Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko lile linalojulikana mpaka leo kwa jina la Tamko la Arusha, ambalo lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika tamko hilo viongozi wa Tanganyika waliahidi kulinda wanyama na makao yao kwa ajili ya wajukuu wetu, na papo hapo wakasema waziwazi ya kwamba kazi hiyo yataka watu wenye ujuzi, yataka mafunzo na fedha, na kwamba mataifa mengine yanatazamiwa kushirikiana nasi. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka kule mlimani Kilimanjaro, ambacho kimewafundisha maofisa wa wanyamapori wa nchi nyingi za Afrika. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini mkulima atauliza, na ana haki ya kuuliza: wanyama wamepata chuo, je, maji yamepata nini?

Sasa nafika penye maji, na hapa nitakaa kidogo.

Kila mtu aliyeketi hapa anakunywa au ananyweshea kwa maji ya Bonde la Pangani. Themi, Nduruma, Usa, Maji ya Chai na vijito vingine vya upande wetu wa mlima huingia Kikuletwa. Kikuletwa hukutana na Ruvu itokayo upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kutoka hapo mto huitwa Pangani, hupita Korogwe na kuingia Bahari ya Hindi. Njiani maji yale yale huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani, wenye nguvu ya megawati 68, ulijengwa kwa msaada wa Finland, Norway na Sweden, ukaanza kazi mwaka 1995. Watu wa nchi hizo, kama ilivyo desturi ya mwenye kutoa fedha, walitaka kujua: maji yatatosha? Mwaka 1991 ilikwisha kuanzishwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, ya kwanza ya namna yake katika nchi yetu. Ndipo sisi wa mlimani, ambao hatukuwa na habari ya mtambo wowote, tulipoambiwa ya kwamba mifereji yetu inakula umeme wa Taifa.

Mabwana na mabibi, hesabu za miaka ile zilitaja mifereji ya jadi inayokaribia 2,000 katika bonde zima, na iliyo mingi haikuwa na haki ya maji iliyoandikwa. Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1974 maji yote yalikuwa mali ya Taifa, na mwenye kuyatumia hakuwa na budi kuwa na hati. Lakini mifereji hiyo ilichimbwa kabla ya Mdachi kufika Moshi. Ilikuwa na wakubwa wake, na zamu zake, na faini zake. Asiyekuja kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji hakupata maji, na aliyeiba zamu ya mwenziwe usiku alitozwa mbuzi au pombe, na washili wakakaa kulimaliza neno. Huo ulikuwa utawala wa mazingira, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Mgeni aliyekuja na kalamu aliona maji yanayovuja njiani akaandika "uharibifu", asione baraza lililokuwa likikaa chini ya mti.

Wala sisemi ya kwamba ujuzi wa kigeni ni bure. Tazameni jirani zetu wa Moshi tambarare. Serikali ya Japani ilisaidia kujenga skimu ya mpunga ya Lower Moshi, ikakamilika mwaka 1987, kwa mifereji ya saruji na mbegu bora, na mavuno yakapanda sana. Watu wa juu ya mto Rau, walioachwa nje ya mpango, waliona faida ya mpunga, nao wakalima wao wenyewe, wakayachukua maji kabla hayajafika kwenye mabanio ya skimu. Hapakuwa na mwizi katika habari hiyo. Wajapani walijua saruji, wakulima walijua mpunga, lakini hapakuwa na kikao kimoja cha watu wa juu na watu wa chini. Sehemu ya mashamba yaliyotengenezwa kwa gharama kubwa ikakosa maji.

Somo hilo, nadhani, lilisaidia kuleta mawazo mapya. Tangu mwaka 2002 Ofisi ya Bonde ilifanya kazi pamoja na Umoja wa Dunia wa Uhifadhi, yaani IUCN, na baadaye fedha zikatoka Umoja wa Ulaya na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Walipima si maji ya mashamba na mitambo tu, bali pia maji ambayo mto wenyewe wayahitaji ili uwe mto: maji ya samaki, ya vinamasi, ya mikoko kule mdomoni Pangani, ambako bahari imekuwa ikipanda mtoni na kuyatia chumvi maji ya watu. Nasi wa Kikuletwa tulikuwa miongoni mwa walioitwa kukaa pamoja katika jumuiya za watumia maji, watu wa juu, wa kati na wa chini. Sheria ya Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, ikazitambua jumuiya hizo, ikaweka na utaratibu: kwanza maji ya kunywa na ya nyumbani, pili maji ya kuhifadhi mto na viumbe vyake, ndipo kilimo, viwanda na umeme. Someni sheria hiyo. Ni silaha ya mnyonge akiijua, na ni kamba shingoni mwake asipoijua.

Niwaambieni yaliyotupata sisi. Katika mradi mmoja, ambao sitautaja jina, tulifungiwa rula ya kupimia kina cha maji penye banio letu, tukapewa daftari, na kijana mmoja akafundishwa kuandika kipimo asubuhi na jioni. Alifanya hivyo miaka miwili bila kukosa, hata siku ya mazishi ya baba yake. Madaftari yalichukuliwa kila baada ya miezi mitatu. Mradi ukafika mwisho wake, mafuriko ya masika yakaing'oa rula, na hakuna aliyekuja kuirudisha. Niliandika barua kuomba nakala ya vipimo vyetu wenyewe, tupate kujua mwezi gani maji hupungua kiasi gani. Nikajibiwa kwa adabu ya kwamba taarifa imekwisha kuchapwa. Baadaye nikaiona, kitabu kizuri, karatasi nyeupe ya kung'aa, Kiingereza kitupu. Nilipata picha ya banio letu katika ukurasa mmoja, na kijana wetu amesimama hapo, bila jina.

Sikuisimulia habari hiyo ili mcheke, ingawa naona mmecheka. Kiangazi kilichofuata ulizuka ugomvi kati yetu na watu wa tambarare, wakidai tumeyabana maji yote. Na sisi tulipotakiwa kutoa ushahidi hatukuwa na hata namba moja mkononi. Watu wawili waliumizwa kwa mapanga. Namba zilikuwapo, zimelala kabatini, mbali.

Na sisi tuna makosa yetu, tuyaseme hapa hapa mbele ya wageni, maana kuyaficha hakufai. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nani katika sisi asiyejua mahali ambapo nyanya na kabichi zimepandwa mpaka mguu waingia majini, na dawa ya wadudu hunyunyizwa hapo hapo ambapo watoto huteka maji? Na mikalitusi? Mimi mwenyewe nilipanda mikalitusi 40 penye chemchemi ya ukoo wetu, kwa tamaa ya nguzo. Kwa miaka kumi na miwili iliinywa chemchemi ile mpaka ikawa tope. Niliikata yote, na maji yamerudi kidogo, si kama zamani. Mke wangu hunikumbusha kila mwaka.

Liko jambo lingine ambalo watu wa mbali hawalifahamu upesi. Katika mlima huu maji si sawa na maji. Meru ni mlima wa moto, na miamba yake hutia floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kuwa mpaka wa maji mema ya kunywa. Lakini katika sehemu za Ngarenanyuki na Maji ya Chai yako maji yanayozidi mpaka huo mara nyingi. Mnayajua matokeo yake: meno ya kahawia, na kwa wengine mifupa iliyopinda tangu utotoni. Chemchemi zenye maji mema ni chache, na aghalabu ziko juu, karibu na msitu. Mji wa Arusha nao unazitaka, na mji umekua. Kwa hiyo ugomvi wetu si wa wingi wa maji tu. Ni wa nani atakunywa maji mema na nani atabaki na yale yanayomharibu mtoto. Kwa mji, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikopesha sehemu kubwa ya fedha za mradi wa shilingi bilioni 520 hivi, wa kuchimba visima na kulaza mabomba. Kituo cha Ngurdoto kimefanya uchunguzi wa kuondoa floraidi kwa makaa ya mifupa, na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru inaendelea na kazi ya namna hiyo. Hapa ushirikiano wa mataifa una faida iliyo wazi, maana mkulima hawezi kuiona floraidi kwa macho wala kuionja kwa ulimi. Huo ni ujuzi wa maabara, na tuuombe bila haya.

Nilikuwa nataka niishie hapo, lakini Katibu amenikumbusha nisisahau kahawa. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2023 ya kukataza kahawa, kakao na mazao mengine yaliyolimwa mahali palipofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, na wengine wamefurahi kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu ni mgonjwa. Si furaha ya kudumu. Sheria hiyo yataka kila shamba lionyeshwe mahali lilipo katika ramani. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja yatosha, na vihamba vyetu vyote ni vidogo kuliko hapo. Kahawa yetu ya kivuli, chini ya migomba na mringaringa, haikufyeka msitu wowote. Iko pale tangu enzi za babu zetu. Walakini asiye na nukta katika ramani atakuwa kama mtu asiye na shamba. Mwenye shamba kubwa atalipa mpimaji kesho asubuhi. Mjane mwenye miche 150 atalipwa na nani? Naungama ya kwamba huniudhi kidogo kuona nchi zilizomaliza misitu yao zamani zikitufundisha sisi adabu ya misitu. Lakini hasira hiyo haiuzi kahawa. Chama ndicho kitakachompimia mjane, au hapana atakayempimia.

Basi, narudi kwenye barua ya wageni.

Wako wanaosema tuikatae, kwa kuwa tumekwisha kuona rula iking'olewa. Wako wanaosema tuitie sahihi leo, kwa kuwa fedha hazina rangi. Mimi nimeisoma mara nne, na rai yangu ni hii. Upimaji wa mashamba tuupokee kwa mikono miwili. Upimaji wa maji tuupokee pia, kwa makubaliano ya kwamba madaftari yabaki katika ofisi ya Chama, nakala ndiyo isafiri. Na taarifa zote ziandikwe kwa Kiswahili, zisomwe mbele ya jumuiya ya watumia maji kabla hazijachapwa. Na wapimaji wawe vijana wetu, majina yao yaandikwe.

Lakini sharti la kuifunga mifereji isiyo na kibali tusilikubali kama lilivyo. Katika mifereji inayonywesha kahawa ya wanachama wetu iko inayonywesha vijiji vizima, na haina kibali kwa sababu kupata kibali kwataka kikundi kilichoandikishwa, na ada, na safari za Moshi ambazo mzee wa mfereji hana nauli yake. Kuufunga mfereji huo si kuimarisha utawala. Ni kumwadhibu mtu kwa kukosa karatasi. Tuwajibu kwa heshima: tupeni miaka miwili, na Chama kitashika jukumu la kuiandikisha mifereji yote, mmoja mmoja, na utakaokataa kuandikishwa baada ya hapo, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kwenda na majembe kuufunga.

Ili neno hilo liwe na uzito, hatuna budi kuweka fedha zetu mezani. Napendekeza tukate shilingi kumi katika kila kilo ya kahawa ya maganda kwa misimu miwili, ziwe za vibali na za kurudisha rula zilizochukuliwa na maji. Najua bei ya mwaka huu, na najua karo za watoto, na nimekwisha kuwasikia watu wa safu ya nyuma wakiguna. Guneni, lakini pigeni kura. Tukienda kwa wageni na mikono mitupu, watatuandikia masharti. Tukienda na sehemu yetu, hata ikiwa ndogo, tutakaa nao meza moja kama Kirilo alivyokaa.

Nimeongea na watu wa tambarare. Wazee wao watatu wamo humu ndani, wamekuja kwa mwaliko wangu, na yule aliyevaa koti la kijivu ndiye tuliyegombana naye kiangazi kile. Amekubali kutia jina lake katika jibu letu, akiongeza sharti lake moja, ya kwamba usiku wa Jumanne na Ijumaa mabanio ya juu yafunguliwe maji yateremke kwao. Mimi nimemwambia nitalileta mbele yenu.

Bwana Mwenyekiti, nasikia harufu ya ndizi na nyama kutoka jikoni, na sipendi kulaumiwa na wapishi. Jibu la barua latakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Katibu anazo nakala za Kiswahili za barua yenyewe na za jibu tulilolitunga. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Mwenye swali juu ya mfereji wake, aje na jina la banio na majina ya wanaolitumia. Nitakuwa pale nje chini ya mringaringa na daftari langu mpaka jua lizame.